Kumi na Nane

Nyumba ya Nguba, mtaa wa Bukavu, ilikuwa na mambo mengi ya kumfurahisha mtu aliyekulia chumba kimoja na ndugu sita, na Clémence alifurahi nayo yote isipokuwa moja. Ukutani kwenye korido, kando ya mlango wa chumba cha mtoto, kulikuwa na kisahani cheupe chenye namba kuzunguka ukingo wake, kama saa isiyo na mishale. Ukikizungusha kuelekea namba kubwa kinalia tak, na zile mbavu za chuma chini ya madirisha zinaanza kushika moto wa umeme. Ukikirudisha chini kinalia tak tena, zinapoa. Wazungu wanakiita thermostat. Maman Rosalie, mama mkwe wake kutoka Nyangezi, alikiita mungu mdogo wa nyumba, maana hakuna aliyepita pale bila kukiangalia.

Nyumba ilikuwa ya Mbelgiji mmoja mzee aliyekaa peke yake, akarudi kwao serikali ilipochukua mali za wageni mwishoni mwa mwaka sabini na tatu. Ofisi ya serikali ikampa nyumba mume wa Clémence. Huyo alibatizwa Philémon, lakini tangu majina ya watakatifu yapigwe marufuku alikuwa Citoyen Bulonza, raia Bulonza, kwa kila mtu, isipokuwa kwa mama yake. Yeye alimwita Philémon kwa sauti ya kuitikia litania, hasa siku wakubwa wa Chama wakiwa wamekaa salo, pale sebuleni. Pamoja na nyumba walirithi vitanda vinne, kabati lenye harufu ya naftalini, na Anaclet, boyi wa yule mzee. Hakuna aliyemwajiri wala aliyemfukuza. Asubuhi ya kwanza walimkuta jikoni, mrefu, mkimya, kahawa imeshachemka.

Clémence alikuwa amezika watoto wawili, wote wakati wa kiangazi, ile miezi ya Juni na Julai ambayo Bukavu inaamka na ukungu na vidole haviwezi kufunga kifungo. Wa kwanza aliishi siku kumi na moja. Wa pili tisa. Watu walimwambia pole, wakala, wakaenda zao. Sasa ilikuwa Juni tena, mwaka sabini na tano, na Noëlla alikuwa amezaliwa wa miezi saba, hajafika kilo mbili, mwenye miguu ya kupita ndani ya pete. Muuguzi wa hospitali alimkabidhi mtoto kwa maneno machache: chumba kikae vingt-cinq, ishirini na tano, mchana na usiku, mpaka afike kilo tatu.

"Baridi njo itamubeba, maman," alisema. "Hapana ugonjwa ingine."

Clémence akafika nyumbani, hata kitenge hajavua, akaweka ishirini na tano. Asubuhi, giza la korido lilipoondoka, kisahani kilikuwa kumi na nane.

Alimuuliza mumewe. Bulonza akaapa kwa jina lake jipya, halafu, alipoona mkewe haridhiki, akaapa kwa lile la zamani pia. Maman Rosalie akasema yeye namba za ukutani hazijui, mashine yake ni mbabula na makaa. Clémence akarudisha ishirini na tano. Kesho yake kumi na nane. Akakifunga kwa sparadra, ile plasta ya hospitali, mizunguko mitatu. Asubuhi akaikuta ile sparadra imebanduliwa bila kuchanika, imekunjwa vizuri pembe kwa pembe, imewekwa juu ya kimeza cha korido kama leso ya mgeni. Na namba: kumi na nane.

Hapo ndipo alipoanza kutazama fremu ya mlango wa chumba cha mtoto, kando ya kisahani. Nyumba nzima ilikuwa imepakwa rangi mara nyingi, ila fremu hiyo haikuguswa. Juu ya mbao kulikuwa na mistari ya kalamu ya risasi, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na tarehe, kama watu wanavyopima mtoto anavyokua. Ilikuwa minne. Wa mwisho, Mei 1954, ulimfikia Clémence kwenye nyonga. Juu ya hapo mbao ilikuwa tupu.

Jirani yao Monique alipoelezwa akasema jambo lenyewe ni rahisi. Yule mzee lazima amekufa kule Ubelgiji, na roho yake imerudi kupunguza matumizi ya umeme. Bahili wa namna ile hata kaburi haliwezi kumfundisha. Maman Rosalie alicheka mpaka akashika ubavu. Clémence hakucheka. Alikuwa ameanza kusikia tak akiwa bafuni, akiwa anasonga bugali, hata akiwa kanisani wakati wa kupiga magoti, na kila akiisikia alikuwa anaona pia midomo ya Noëlla, ambayo asubuhi ilikuwa na rangi ya ulimi wa mtu aliyekula zambarau.

Jumatano walipima. Mtoto hakuwa ameongeza kitu. Alikuwa amepungua gramu mia. Alishika ziwa akaliacha, kama mtu aliyeitwa na mwingine. Clémence akaanza kufunga nguo kwenye sanduku, akasema analala popote lakini si humu.

Maman Rosalie akafungua sanduku akazitoa. Mama huyu alikuwa amefiwa na mume na kukimbia uasi mara mbili, na aliyobaki nayo ni mzaha na akili. Akamwambia mkwe wake kwamba mizimu ya kwao anaijua kidogo: inataka pombe, inataka kutajwa majina, lakini hajawahi kusikia mzimu unaokunja sparadra. Akachota unga wa muhogo, akaupaka kidogo kuzunguka ukingo wa kisahani, mweupe juu ya cheupe, usioonekana.

"Tuone kama iko na vidole," akasema.

Saa kumi na mbili jioni Anaclet alizunguka nyumba kama kawaida yake, akafunga madirisha moja moja. Baadaye kidogo akaleta chakula. Alipoweka sufuria nyeusi ya supu mezani na kuachia mkono wake, alama za vidole viwili na gumba zilibaki pale juu ya mfuniko, nyeupe, zimechorwa vizuri.

Bulonza alisimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka. Anaclet hakumwangalia. Alikuwa anauangalia mkono wake mwenyewe, akiugeuza huku na huku, kama mtu aliyepewa wa mwingine akautunze.

"Ni miye?" akauliza.

Ilichukua muda kuyatoa maneno, na aliyatoa akiwa amesimama, maana alikataa kiti. Mzee alikuwa na binti, Yvette. Mwezi wa Julai wa mwaka huo wa mstari wa mwisho, mzee akiwa safarini Kamituga, mtoto alishikwa na homa akatetemeka. Madame, mama yake mtoto, alimwambia Anaclet aongeze moto. Akaongeza. Aongeze tena. Akazungusha mpaka mwisho, wakamfunika mablanketi mawili. Kulipokucha mtoto alikuwa amekufa. Madame akarudi Ulaya na hakuonekana tena. Mzee hakumpiga Anaclet, hakumfukuza, hakumtukana hata siku moja. Alifanya hivi tu: kila jioni, saa kumi na mbili, miaka karibu ishirini, alisimama kwenye korido akasema, Anaclet, dix-huit, kumi na nane. Na Anaclet akazungusha. Mzee aliondoka. Sauti haikuondoka, na mkono uliendelea kuitii bila yeye kujua.

"Sikukuwa nataka kuua mutoto yako, maman," alisema. "Nilikuwa nataka asikufe."

Bulonza alitaka aondoke saa ileile, na hakuna ambaye angemlaumu. Clémence ndiye aliyemzuia. Alikuwa anawaza kwamba kwa wiki mbili watu wawili ndani ya nyumba hii walikuwa wanapigania uhai wa mtoto mmoja kwenye kisahani kimoja, kila mmoja na maiti zake mgongoni. Akaingia chumbani akatoka na Noëlla, akamfungua miguu, akaiweka ndani ya kile kiganja chenye unga.

Anaclet akaifumbata ile miguu. Tangu Yvette hakuwa amegusa mtoto.

"Unasikia nini, papa?"

"Baridi," akasema, na akashangaa. "Iko baridi sana."

"Basi. Papa Anaclet, vingt-cinq."

Akaenda mwenyewe, mtoto kifuani ndani ya sweta, akazungusha. Tak.

Toka jioni hiyo mpaka mwisho wa kiangazi Clémence alisimama kwenye korido saa kumi na mbili akatamka maneno hayo, maana alielewa kwamba sauti ya zamani haifukuzwi, inawekewa nyingine juu. Kisahani hakikushuka tena. Wiki ya tatu ya Julai Noëlla alipita kilo tatu, na Maman Rosalie akatangaza mtaa mzima kwamba mjukuu wake ameokwa vizuri kama mkate.

Mei ya mwaka uliofuata Anaclet alikufa kwao Kavumu, kitandani, kwa uzee tu. Siku mbili kabla ya kuondoka kwenda kwao kupumzika alikuwa amemsimamisha Noëlla kwenye fremu ya mlango, akachora mstari wa tano, mbali kidogo na ile minne.

Walirudi kutoka mazishini jioni, ukungu wa kiangazi ukianza kupanda kutoka ziwani. Nyumba ilikuwa baridi. Umeme wa zile mbavu ulikuwa haujawashwa tangu mwaka jana. Clémence alikuwa anamvua Noëlla viatu kwenye korido, na mdomo wake, bila kumwuliza, ukasema: "Papa Anaclet, vingt-cinq." Akasikia alichosema. Akaona aibu kidogo, akaenda kuchemsha maziwa.

Kabla maziwa hayajapanda, alisikia zile mbavu za chuma zikilia kidogo kidogo, kama zinavyolia zikianza kushika moto. Akatoka. Maman Rosalie alikuwa amesimama mbele ya kisahani, mikono nyuma. Namba ilikuwa ishirini na tano.

"Ni wewe, mama?"

Maman Rosalie akatikisa kichwa. Bulonza alikuwa bado uani, anashusha mikeka kwenye gari.

Walisimama pale wote wawili, mtoto katikati yao, joto likianza kuwapanda miguuni. Hakuna aliyetaja kupaka unga safari hii.