Foleni ya Dirisha la Tatu

Saa moja na nusu asubuhi karani wa dirisha la tatu aliidondoshea sponji ya wino matone manne ya maji, maana wino wa kuongezea uliagizwa mwaka juzi na bado ulikuwa njiani. Akasogeza tarehe ya muhuri siku moja mbele, kisha akavua kiatu cha kushoto chini ya meza. Wenzake walimwita Mama Muhuri. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kutulia. Miguu yake haikukaa mahali pamoja, na kiti alichokalia kilikuwa cha nne ndani ya miaka sita.

Dirisha lake lilikuwa la watoto waliovuka mpaka peke yao. Aliyefika mbele yake akiwa chini ya miaka kumi na minane alipewa karatasi yenye muhuri, na basi la saa kumi likampeleka kwenye nyumba ya watoto, penye vitanda na shule. Aliyezidi hapo alipanda lori la bluu akarudishwa alikotoka. Foleni ilianzia getini, ikapita nguzo nne za ghala la zamani lililogeuzwa kituo, ikaishia dirishani. Ilikuwa na urefu wa mita thelathini na nane, na watoto walikua ndani yake.

Walikua kama miaka miwili na nusu kwa kila nguzo. Watu wazima waliopanga foleni dirisha la kwanza na la pili hawakuzeeka hata siku moja, walichoka tu. Aliwahi kuja mtaalamu na vipimo vyake, akashinda hapo siku tatu, akaandika ripoti iliyopendekeza mabenchi. Mabenchi yakaletwa, watoto wakakua wameketi. Kituo nacho hakikukaa bure. Kwenye nguzo ya kwanza paliwekwa sanduku la viatu vikubwa, kwenye ya pili alikaa fundi cherehani aliyefumua mapindo na kurefusha magauni, na kwenye ya tatu palikuwa na pedi na nyembe, kila kitu kwenye kopo lake. Mama Muhuri aliwahi kumwomba mkuu wa kituo umri uandikwe getini. Mkuu alimjibu kwamba getini hakuna meza.

Siku hiyo, alipokuwa akiingia kazini, msichana mmoja alimshika upindo wa gauni. Alikuwa na mapengo mawili ya juu, na mgongoni alimfunga mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka miwili, kwa khanga iliyofubaa.

"Shikamoo, mama. Foleni hii inaishia wapi?"

"Marahaba. Inaishia kwangu. Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Tisa."

"Mshushe basi huyo mdogo wako, upumzishe mgongo."

"Simshushi. Njiani wametuambia anayebebwa hakui."

Ni kweli. Watoto wa mgongoni walifika dirishani vilevile walivyoingia, maana nyayo zao hazikugusa sakafu.

"Na wewe je?" aliuliza Mama Muhuri.

"Mimi anibebe nani?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza choo kiko wapi, akasubiri kuelekezwa. Ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na tangazo lenye picha ya mkono uliopigwa alama ya X: mtumishi haruhusiwi kumgusa mtoto. Ilikuwa sheria nzuri, iliyowekwa kwa sababu nzuri, na Mama Muhuri mwenyewe ndiye aliyelibandika tangazo. Alisema atachelewa, akaenda zake.

Lakini hakutulia. Alivaa kiatu akakivua, akavaa akakivua. Aligonga muhuri karatasi ya mvulana aliyeingia akiwa na miaka mitano, sasa ana kumi na mitano na sauti imevunjika, akamtakia safari njema. Kila akiinua macho alimtafuta yule msichana, ambaye moyoni alikwisha kumwita Mapengo. Kwenye nguzo ya kwanza mapengo yalikuwa yameziba na msichana anachagua viatu. Mdogo wake alikuwa akichungulia begani, akimwita dada, dada, akitaka maji. Mama Muhuri alihesabu nguzo, akahesabu tena, kama vile huenda zingepungua. Msichana yule angefika dirishani na miaka kumi na tisa. Angepanda lori, na mdogo wake angepanda basi.

Saa sita kasorobo fundi cherehani wa nguzo ya pili alikuwa amepiga magoti akirefusha gauni la Mapengo. Mama Muhuri alisimama. Liwalo na liwe. Aliacha kiatu kimoja chini ya meza, akatoka dirishani, akachuchumaa mbele ya msichana na kumpa mgongo.

"Panda."

"Mama, mimi mzito. Nina kumi na nne sasa."

"Nimebeba viroba vya sukari, sembuse wewe. Panda kabla sijajirudi."

Alipanda, na mdogo wake mgongoni kwake. Mama Muhuri aliinuka kwa shida, magoti yakalia.

"Polepole, dada, usije ukagawanyika!" alisema fundi, sindano mdomoni, na foleni nzima ikacheka.

Alipita nguzo ya tatu, akapita ya nne, jasho likimtiririka. Msichana hakuongezeka hata siku moja. Mama Muhuri alimtua juu ya kaunta, akazunguka, akaketi, akaandika: kumi na nne. Moyoni alifurahi kuliko siku yoyote aliyowahi kufanya kazi pale.

Mkuu wa kituo alifika kabla wino haujakauka. Hakupandisha sauti. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kukoroga chai isiyo na sukari.

"Dirisha hili ni la watoto wasio na mtu," alisema.

"Ndiyo, mzee. Huyu hana mtu."

"Anaye. Umembeba wewe. Mtoto aliyebebwa na mtu mzima ana mtu mzima."

"Basi niandike mimi. Mimi ndiye mtu wake."

"Mtumishi haruhusiwi." Akakoroga. "Na mtu mwingine yeyote akimbeba, hali ni hiyohiyo. Waanze upya getini, yeye na mdogo wake, kwa miguu yake. Tusimharibie faili."

Mapengo hakubisha. Alimkaza mdogo wake kwenye khanga, akarudi getini, akasimama nyuma ya watu. Mkuu alivuta kiti akakaa kando ya dirisha hadi jioni, kwa wema, ili Mama Muhuri asipate taabu tena.

Saa kumi kasorobo alisimama mbele ya dirisha mwanamke wa miaka ishirini na minne, mrefu, pindo la gauni limefumuliwa mara tatu. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miaka miwili.

"Habari za kazi, dada," alisema.

Mama Muhuri aliandika kumi na nne. Kamera iliyo juu ya dirisha ilimtazama mwanamke yule, na mashine ya kukagua umri ikaikataa karatasi. Akaandika ishirini na nne, na mashine ikaipokea. Walinzi walifungua khanga. Mtoto aliponyanyuliwa aliinyoosha mikono yote miwili.

"Mama!" alilia. "Mama!"

Asubuhi alikuwa akimwita dada. Lori liliondoka kwanza, basi likafuata, kwa sababu ndivyo ratiba ilivyo.

Nyumbani, binti yake Mama Muhuri, wa miaka tisa, alikuwa amesimama kwenye kizingiti, kisigino ukutani, akingoja kupimwa. Alama ya penseli iliangukia palepale pa mwezi uliopita. Binti alinuna kwamba hakui.

Mama yake alimchuchumalia. "Panda."

Akambeba. Alizunguka naye sebuleni, jikoni, uani, kisha sebuleni tena, mgongo ukimuuma.

"Nishushe, mama. Mimi mkubwa."

"Bado," alisema, akaendelea kuzunguka.

Kesho yake, saa moja na nusu, aliidondoshea sponji matone manne ya maji. Mabega yalikuwa yamekaza. Alisogeza tarehe ya muhuri siku moja mbele na kumwita wa kwanza, naye akasogea akikuna kidevu, maana ndevu zilikuwa zinamwasha.