Kijiko cha Mwisho cha Saladi

Kijiko kimoja cha chai ndani ya kopo la mwisho, basi. Ndizo mbegu zote za saladi za mama mkwe wangu zilizobaki, na hakuna duka linalouza aina ile. Amezitunza mwenyewe miaka thelathini, msimu baada ya msimu. Makopo mawili nilikuwa nimeshayamaliza kitaluni. Joto la mwaka huu halikuwa la mchezo, na mbegu ya saladi ikikuta udongo wa moto inalala fofofo, haioti ng'o.

Mama haoni tena. Kila asubuhi aliniuliza, "Zimeota?" nami nilimjibu, "Zimeota, mama, zinapendeza." Nilijidai namwonea huruma. Ukweli ni kwamba nilimwogopa.

Wifi yangu tunamwita Daktari, kwa sababu ya mafunzo ya kilimo ya wiki mbili ambayo hachoki kutukumbusha. Yeye ndiye aliyekuja na wazo.

"Tunaziloweka kwanza, wifi, tangu alfajiri mpaka saa nane mchana. Zinaamka ndani kwa ndani, ila mzizi usitoke. Halafu tunazitandaza kivulini zikauke taratibu, jioni tunazipanda. Zikishaamka hivyo, joto haliziwezi kirahisi."

"Na zikikutana na jua?"

"Zikiguswa na jua zikiwa zimelowa, kwisha habari yake."

"Wewe na udaktari wako! Zikiharibika, utamwambia mama wewe."

"Mimi? Aliyemwambia zimeota ni nani?"

Alinipata pabaya.

Saa nane tulizichuja, tukazitandaza kwenye kitambaa juu ya meza ya stoo. Nikaenda kumwagilia nyanya. Sikukawia hata nusu saa. Niliporudi, meza ilikuwa tupu.

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, juani, amekaa kwenye kigoda. Mbele yake palikuwa na kipande cha bati, na juu ya bati mbegu, anazisambaza kwa kiganja polepole.

"Nimezikuta zimelowa chapachapa," alisema, uso umemchangamka. "Stoo inavuja? Bahati nimeziwahi."

Nililigusa bati. Liliniunguza vidole.

"Mama, umeziua!" Nilipiga kelele mpaka Daktari akaja mbio. "Umeziua zote!"

Kiganja chake kikasimama. Kwake yeye mbegu iliyolowa ni mbegu iliyo hatarini, na hakuna aliyemweleza kwamba safari hii tumezilowesha makusudi. Nani angemweleza, wakati kwa maneno yangu saladi ilishaota zamani?

"Kama yale makopo mawili yameota," aliuliza kwa sauti ndogo, "hili la mwisho mlilifungulia nini?"

Daktari alinitazama. Hakunisaidia, na alifanya sawa.

"Hayakuota, mama," nikasema. "Hata mche mmoja. Nilikudanganya." Niliona aibu.

Mama alianza kupapasa kitambaa kilichokuwa mapajani mwake, kile tulichotandazia mbegu. Kwenye mkunjo mmoja, bado pabichi, zilikuwa zimeng'ang'ania mbegu chache. Daktari alizihesabu: ishirini na tatu. Tulizipanda jioni ile kwenye trei moja chini ya kivuli. Zile za kwenye bati tulizipanda pembeni mwa trei hiyohiyo, kwa kujifariji tu.

Siku tatu mama hakuniuliza chochote. Nilitamani aulize, hata anitukane.

Siku ya nne alfajiri nilifunua trei. Za bati, hakuna kitu. Upande wa pili palikuwa na kijani. Nikakimbilia chumbani kwake.

"Mama, zime—"

"Usiniambie," alisema, akanyoosha mkono. "Nishikishe."

Nikamwongoza mpaka kwenye trei. Niliupitisha mkono wake mche kwa mche, kidole kikigusa kidogo tu, naye akihesabu kwa sauti. Kumi na nne. Nikashusha pumzi, machozi yakanilenga.

Mama akautoa mkono wangu juu ya wake. Akarudi mwanzo wa trei, akahesabu upya peke yake, asije akawa ameshikishwa mche mmoja mara mbili.