Vumbi la Mataruma

Marehemu mke wangu alikuwa fundi wa mandolini, vile vigitaa vyenye tumbo la mviringo. Hakuajiriwa na mtu. Alichonga sebuleni, magoti yake ndiyo meza, mbao akiokota popote. Siku moja wakubwa wa reli wakauza mataruma ya zamani, yale magogo ya kulaza reli. Mbao kavu, walisema, safi kabisa. Kumbe walipaka rangi juu ya alama ya fuvu, wakijua yamelowekwa sumu ya mchwa. Mke wangu akayapasua kwa msumeno, akavuta lile vumbi, akakohoa mpaka nikamzika. Wao vitambi vyao viko palepale.

Mlinzi wa bohari ya reli alininong'oneza siri hiyo siku ya mazishi. Tangu hapo nikaanza kuzisaka mandolini za mataruma. Ni rahisi kuzijua: shingo nyeusi, nzito. Moja niliikuta kwa fundi saa, nyingine kwa mwalimu wa kwaya. Wote wanakohoa. Nilizifukia nyuma ya choo, na nilipomaliza zile nyeusi nikasema sasa nipumue.

Nikaenda kunyoa ndevu.

"Shemeji, umepotea!" kinyozi akanipokea, akinipaka povu. "Au ulikuwa unafuga ndevu upate mchumba?"

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi kile nakijua. Nimelala nacho kitanda kimoja.

"Kimekuanza lini?"

"Ah, vinyweleo tu hivi. Kazi yenyewe si unaiona?"

Ukutani ilining'inia mandolini yake, nyeupe, ambayo mke wangu aliichonga kwa mbao za mlango wa kabati.

"Hii si ya mataruma," nikasema, kama nabishana na mtu.

"Nani kasema ni ya mataruma?"

Nikainuka, nikaishusha, nikaitikisa. Tumboni mwake kitu kikachakarika.

"Taratibu! Hiyo ni sauti ya mkeo," akasema kinyozi. "Si unajua mambo yake? Kila mandolini aliitilia vumbi kidogo la iliyotangulia, zijuane kama ndugu. Mimi kila asubuhi naipuliza tunduni ndipo napiga."

Nilijua. Nilimwona mara ngapi akichukua vumbi kwa vidole viwili, akilidondosha ndani huku anatabasamu! Nikaona ni mapenzi yake tu kwa kazi. Vumbi la taruma la kwanza lilikuwa limetembea kutoka tumbo hadi tumbo, nyeusi kwa nyeupe.

Na ya mwisho kabisa aliyoichonga ilikuwa ndogo, nyeupe, ya mjukuu wetu. Niliipita mara zote kwa binti yangu, nikaiacha, kwa kuwa ni salama.

Nilitoka na povu shavuni, kinyozi akiita nyuma yangu, "Shemeji, upande mmoja bado!"

Binti yangu alikuwa uani anaanua nguo.

"Baba, vipi, mbona hivyo?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Ndani. Usimwamshe, ana mafua kidogo."

Hakuwa amelala. Alikuwa ameketi kitandani, mandolini imepinduliwa mapajani, anaigonga mgongoni kwa kiganja.

"Babu, una ndevu nyeupe!"

"Nipe hiyo, mama."

Akanipa bila ubishi. Nikaiweka sikioni, nikaitikisa. Nikaitikisa tena, kwa nguvu. Kimya.

"Bibi ameisha," akasema mjukuu wangu, akipangusa vumbi midomoni.

Kisha akakohoa.