Mikate Sita ya Lalla Itto

Niliacha chuo mwaka wa tatu wa jiografia, nikarudi kwetu Ait Uzru, milimani Morocco, nikapata kazi ya sensa. Ilitakiwa nigonge kila mlango, lakini mimi na vilima hatupatani. Nikaketi kando ya tanuri la mtaa, karibu na mwokaji. Kila nyumba huleta hapo mikate yenye alama yake ili iokwe, mmoja kwa kila mtu. Nikahesabu mikate badala ya watu.

Msimamizi akashtukia nyumba moja. "Hammu, Lalla Itto ni mjane, anaishi peke yake. Hawa sita umewatoa wapi? Kesho niletee ukweli, la sivyo kazi huna."

Nikapanda kilima natweta.

"Lalla, mikate sita unalisha majini?"

"Jini mmoja wewe hapo! Wanne ni wazee wasioweza tena kukanda unga. Na huo wa dirishani kwako kila asubuhi, ulidhani unaangushwa na kunguru?"

Nilidhani ni wa mwokaji. Miezi minane nimeula, na alama yake sikuwahi kuitazama.

"Lalla, sasa niandike wangapi?"

"Andika mmoja, halafu ukagonge milango ya watu, mvivu we!"

Nikaigonga yote, na kazi ikabaki yangu. Tangu siku hiyo ubao wa mikate ya Lalla naubeba mimi.

"Leo unahesabu?" mwokaji hunichokoza.

"Leo nabeba tu, baba."

Halafu nampelekea Lalla mkate wa kwanza, ungali wa moto.