Barua ya Kisima

Ngowa aliingia katika utumishi kwa mlango wa kisima. Miaka kumi na minane nyuma, kabla hajavaa kaki ya naibu chifu, alikuwa kijana wa kijiji cha Ganda mwenye hati nzuri na kichwa kigumu. Watoto walikuwa wakiharisha kwa maji ya dimbwi. Wanakijiji wakachukua majembe wachimbe, yeye akawazuia. Wao walikuwa wageni pale, mwaka wa nane tangu Mto Sabaki uwafurushe kwao, na shamba kwa karatasi lilikuwa la mzee Abubakr wa Malindi mjini. Mtu mwenye adabu hafukui ardhi ya mwenzake bila kupiga hodi. Akaandika barua ya kuomba ruhusa, nyumba arubaini zikatia dole gumba, Abubakr akaridhia. Maji yakatoka, baridi na matamu. Watu wakasema, huyu ndiye wetu. Akafanywa mzee wa kijiji, kisha serikali ikamwajiri.

Sasa Abubakr alikuwa kaburini, na mwanawe Alamin alitaka watu watoke apate kuuza. Wanakijiji wakakimbilia mahakamani. Sheria iliwapa upenyo: aliyekaa miaka kumi na miwili katika shamba la mtu bila kuomba ruhusa wala kufukuzwa, anaweza kulidai liwe lake. Bila kuomba. Na ile barua ya kuomba, kwa hati ya Ngowa, Alamin alikuwa ameikuta kwenye makaratasi ya babake.

"Sema barua si yako," bibi Kahonzi, mmoja wa wanakijiji, alimwambia kwenye ukumbi wa mahakama, asubuhi ya ushahidi.

"Hawe, bibi yangu, nitaapa kwa Mungu kisha niseme uongo?"

"Mungu ana nyumba yake. Mimi yangu ni hiyo moja." Akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Au unaiogopea kaki?"

Ngowa akaivua kofia. Aliiogopea. Akamfuata Alamin aliyekuwa amesimama dirishani.

"Sabalkheri, bwana chifu."

"Sabalkheri. Alamin, iondoe barua ile mahakamani. Marehemu aliitoa ruhusa kwa wema."

"Na mimi nautumia wema wake," Alamin akasema kwa upole. "Mngechimba tu kibabe, leo mimi ndiye ningewabembeleza nyinyi."

Alipoitwa, Ngowa alipanda kizimbani, akaapa. Wakili wa Alamin akamwonyesha karatasi ya manjano. Wino wa vidole ulikuwa umefifia, na aliyeipokea alikuwa amekufa. Alibaki mtu mmoja tu wa kuisemea.

"Umeiandika wewe?"

Nyumba arubaini zilikuwa zimejibana kwenye mabenchi. Ngowa akaiona barua iliyomfanya mtu, kazi pekee maishani aliyojivunia bila haya.

"Siijui," akasema. "Sikuandika mimi, wala hakuna aliyeomba."

Akashuka kizimbani. Kahonzi akapita kando yake akienda kuapa, akamgusa mkono kidogo.

Wakili hakumwonyesha bibi barua. Alimuuliza kama anakunywa maji ya kisima kile. Anakunywa. Kimechimbwa na nani? Na wao.

"Katika shamba la mzee Abubakr?"

"Hapo hapo."

"Kwa hiyo, bibi, mliingia katika mali ya Mwislamu mcha Mungu, mkachimba bila hata kubisha hodi. Kama wezi."

Kahonzi akanyoosha mgongo. Ngowa alimwona akivuta pumzi, akataka kusimama amzuie, lakini bibi alikuwa ameshafungua kinywa.

"Mwizi ni nani?" bibi akasema. "Mimi sijachukua cha mtu tangu nizaliwe. Tuliomba. Kijana yule pale alituandikia barua, nikatia dole langu mwenyewe, na Abubakr akasema chimbeni, na Mungu awape baraka. Muulize."

Wakili akashukuru, akakaa. Jaji aliandika kwa muda mrefu.

Kahonzi alirudi akaketi karibu na Ngowa, kichwa juu, bado anapumua kwa hasira.

"Asinitusi bure yule," akanong'ona. Kisha akaona nyuso za watu wake kwenye mabenchi. "Ngowa," akasema, "mbona wanalia?"