Mshona Maneno

Hasira zangu ziko puani, hata mume wangu atakuapia. Miaka kumi na mmoja nimesimamia fumbo la Jumamosi gazetini kwetu. Nachapa herufi saba, wasomaji wanatafuta neno refu la Kiingereza lenye herufi hizo zote, hata likiwa na nyingine, na aliyewazidi wenzake jina lake linatoka gazetini. Zawadi hakuna. Lakini wanavyoligombania jina hilo, utadhani wanagombania urithi.

Kati yao alikuwamo mmoja aliyejiita Fundi wa Chini ya Ngazi. Majibu yake aliyaandika kwenye vipande vya kadibodi ya soli, kwa mwandiko wa kunyooka, na yakifika meza nzima inanuka gundi. Wiki moja nilitoa A, L, M, N, P, S na U. Mwalimu mmoja akaleta "manipulators", herufi kumi na mbili. Fundi akaleta "pusillanimous", kumi na tatu. Sikuwahi kulisikia. Nikafungua kamusi ya ofisi, ile ninayoiamini kuliko baadhi ya ndugu zangu, nikaona P imeisha, Q imeanza, neno halipo. Nikaifunga kwa kishindo. Na kwa kuwa siku hiyo niliamka vibaya, chini ya jina la mwalimu nikachapa: "Fundi wetu wa viatu safari hii ametushonea neno." Ofisi nzima ilicheka. Fundi hakuandika tena.

Miezi saba baadaye ukanda wa kiatu changu ulikatika njiani. Nikaelekezwa kwa fundi wa karibu, chini ya ngazi za jengo la ghorofa. Hata hapo sikushtuka, mpaka nilipoketi kwenye benchi nikaona kamusi nene, imevishwa jalada la ngozi ya kiatu.

Alikuwa mzee mchangamfu. Akapokea kiatu, akauliza kama nilikuwa natembea au napigana. Nikamuuliza habari za kamusi. Bila kuinua macho alinieleza kwamba zamani watu wa jengo zima walimletea barua zao za kuomba kazi awasahihishie Kiingereza, na asubuhi hawakukosa wawili watatu kwenye benchi hilo. Kisha gazeti likasema anatunga maneno, watu wakambatiza Mshona Maneno, na barua zikakoma. Hata binti yake wa kumzaa siku hizi barua zake humpelekea mtu mwingine.

"Viatu wananiletea, mama," alisema. "Ila mimi nilizipenda zile barua."

Nikaomba kuiona kamusi. Neno lilikuwepo, limepigiwa mstari kwa penseli, na maana yake ni asiye na ujasiri. Ningeweza kuchukua kiatu changu nikaenda zangu, asijue mimi ni nani. Nisiseme uongo, ndivyo nilivyofanya.

Ofisini nikaifungua kamusi yangu pale P inapoishia. Ukurasa wa kushoto ni wa 704, wa kulia 721. Kurasa kumi na sita zilisahaulika huko kiwandani kitabu kiliposhonwa, na uzi ukapita safi kana kwamba hakuna kilichopungua. Maneno ya kawaida ya hapo nilikuwa nayo kichwani, kwa hiyo miaka yote hiyo sikuwahi kutazama namba. Wanasema mdomo huponza kichwa. Kwangu ilikuwa kalamu, na kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu.

Kesho yake nilirudi nikamwambia mimi ni nani na nimefanya nini. Sindano ilisimama. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea. Akauliza tu mzaha ule niliuchapa kwa herufi za ukubwa gani.

"Basi na ukweli uchape kwa hizo hizo," alisema.

Nilichapa kubwa zaidi. Mhariri alinung'unika kwamba tunajivua nguo hadharani. Nikamwambia mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, anipishe nichutame. Nikaeleza kurasa zilizopotea, nikaeleza haraka yangu, na mshindi halali wa wiki ile nikamtaja.

Jumatatu nikampelekea gazeti. Kwenye benchi alikaa mwanamke kijana, bahasha mapajani. Fundi alinijulisha kuwa huyo ni binti yake, kwa sauti ya kutaka kila apandaye ngazi asikie. Kisha akavuta boksi la viatu kutoka chini ya kiti chake. Ndani mlikuwa na vipande vya soli, kimoja kwa kila Jumamosi ya miezi ile saba. Kucheza hakuacha hata wiki moja. Aliacha kuleta tu.

"Hivi navyo nipimie," alisema.

Nikaketi, nikavipima kimoja kimoja kwa kamusi yake, safari hii macho yangu yakiwa kwenye namba za kurasa. Cha ishirini na moja kilinikwamisha. Nikatafuta, nikarudia. Ningelipitisha neno lile, nani angejua? Na binti yake alikuwa anatutazama.

"Hili halimo, Mzee."

Akavaa miwani, akaichukua kamusi, akatafuta mwenyewe taratibu kwa kidole, juu mpaka chini. Halafu akashika penseli akalikata, akacheka hadi miwani ikamshuka puani.

"Hili kweli," alisema, "nimelishona."