Mkono wa Kushoto wa Libardo

Mkono wa kushoto wa Libardo Cuadrado ulikuwa umelowa jasho ndani ya mkanda wa kodiani, na saa saba ile ya mchana aliamini kwamba uwanja mzima wa mashindano ya kodiani mjini Valledupar unautazama. Alikuwa amekwisha kupiga paseo na merengue, midundo miwili ya kwanza kati ya minne, na makofi yalikuwa yamemiminika. Sasa ilifuata son, mdundo wa taratibu ambao besi za mkono wa kushoto ndizo zinazozungumza. Waamuzi watatu walikuwa wametega masikio.

Kwa miaka ishirini na sita Libardo alipigia bendi kubwa. Humo gita la besi lilifanya kazi yote ya sauti za chini, kwa hiyo, kama wenzake wengi, alimwambia fundi aving'oe vilimi vya besi, vile vibati vidogo vinavyotoa sauti, ili kodiani iwe nyepesi begani. Vifungo vya mkono wa kushoto vikabaki pambo, bila sauti. Januari, mwimbaji wake alimwachisha kazi, kisha akatangaza redioni kwamba Libardo ni nusu mpigaji. Maneno hayo yalimkata maini, hasa kwa kuwa yalikuwa kweli. Akavirudisha vilimi, akajifungia nyumbani miezi mitatu, akaapa mbele ya mkewe Nubia kwamba atalifuta jina hilo jukwaani au kodiani hataigusa tena.

"Shemeji, pumua," alinong'ona Tobías, kaka yake Nubia, ngoma ikiwa katikati ya magoti yake. "Jasho lote hilo! Utadhani bwana harusi aliyesahau pete."

"Nyamaza wewe. Piga."

Son ikaanza vizuri. Kwenye mzunguko wa pili, kidole kimoja kikapotea njia na besi zikakatika. Papo hapo Tobías akaipandisha sauti ya ngoma, akalijaza pengo lote. Watu wakashangilia. Hakuna mwamuzi aliyeinua kalamu.

Libardo akaelewa. Angeweza kumaliza hivi hivi, ngoma ikimficha kama gita lilivyomficha, akashuka na ushindi wake. Na ushindi aliutaka, aliutaka kuliko kitu chochote.

Akamgeukia shemeji yake. "Shusha ngoma."

"Una wazimu?"

"Shusha, nimesema!"

Tobías akaishusha hadi vidole vikawa vinaipapasa tu ngozi. Uwanja ukatulia. Besi zikatoka peke yake, nzito, zenye kusitasita. Libardo akakosea, akaendelea. Akakosea tena palepale, akaendelea. Kalamu za waamuzi zikatembea, na mzee mmoja wa mstari wa mbele akavua kofia na kujipepea bila kumwondolea macho. Libardo aliogopa mpaka mwisho wa son, lakini mkono hakuuondoa.

Puya, mdundo wa mwisho, waliipiga kwa kasi bila hitilafu. Ila walipofika nyuma ya jukwaa, Tobías aliibwaga ngoma chini.

"Umejichongea mwenyewe! Nilishakufunika, shemeji. Kosa la kwanza hakulisikia mtu!"

"Na hayo mengine?"

"Hayo mengine? Kila mtu kasikia! Mpaka wauza maji kule barabarani wamesikia!"

Libardo alikuwa akiufungua mkanda polepole.

"Wamesikia mkono upi?"

Tobías aliinama, akaiokota ngoma yake.

"Wa kushoto," akasema. "Ule uliokuwa bubu miaka yote."